Mahari Penyewe

Kirumba, Mwanza
4 Machi 2025

Kwako Luhende,

Kijibarua chako nimekikuta sokoni Mwaloni leo asubuhi, kimefungiwa kwenye gunia la dagaa kama ulivyopatana na nahodha Nestory. Kinanuka dagaa hadi sasa, nami nimekibandika hivyohivyo ukutani hapa kwa kina Immaculata, mwenyewe apige kelele atakavyo. Tangu simu yako izame ziwani nimegundua kwamba wewe wa kwenye karatasi una maneno mengi kuliko wewe wa darasani. Darasani umekaa nyuma yangu mwaka mzima na neno nililowahi kulisikia ni "samahani".

Umeandika: "Karamu yangu imeisha, nitumie nyingine." Immaculata ameuliza tukuchinjie mbuzi au kuku. Nakutumia kalamu mbili za bluu. Nyekundu nabaki nayo mimi, maana ndiyo kazi mliyonipa kwenye kikundi hiki: nyinyi mnaandika, mimi nasahihisha.

Sasa sikiliza. Tathmini ya nusu ya mradi imepangwa Ijumaa ya tarehe 11 Aprili. Dk. Lwakatare ametuambia kwamba jopo halitaki tena michoro mitupu. Wanataka kuona picha za kibanda chetu cha kukaushia dagaa kikiwa kimesimama kwenye kiwanja cha kweli, na dagaa waliokaushwa humo wawekwe mezani, dagaa wa masika haya, siyo wa jua la Agosti. Kikundi kisicho na kiwanja kinafutwa, na wenyewe wanarudia mradi mwakani pamoja na wadogo zao. Immaculata amemaliza michoro. Mimi nimefika nusu ya ripoti, na ukurasa wenye kichwa "Eneo la Mradi" hauna hata neno. Wewe ndiye uliyeko kisiwani. Tupatie kiwanja.

Jana mchana nililalia ripoti nikaota ziwa limepanda hadi dirishani, taratibu, bila kulowesha kitu, na wewe umekaa kwenye mtumbwi unanisomea sura ya pili kwa sauti. Kila neno ulilitamka sawasawa. Nikaamka nimekasirika kidogo, sijui kwa nini.

Noela


Kambini, Kome
9 Machi 2025

Noela,

Mwangaluka. Mimi mzima, wasiwasi ni kwa ripoti tu.

Karamu zimefika. Najua unacheka, ngoja nikueleze. Sisi Wasukuma r hatukuzaliwa nayo. Pale Usagara mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa anapita na fimbo, ukisema "habali za asubuhi" unanyoosha vidole. Tangu hapo nikikutana na neno ninalolitilia shaka naweka r, kwa sababu r haikuwahi kuniletea fimbo.

Kiwanja ni tatizo. Mchanga mzuri ni ule ulio kati ya mawe makubwa na maji, na ni wa Mzee Mayala. Kwingine kote ni matope au mitumbwi. Mzee amekataa. Anasema amekaa pale akitazama mitumbwi ikirudi tangu hajaoa, na kibanda chetu kitamziba macho. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananijibu, "Marahaba, na jibu ni lilelile."

Juzi mvua ilinyesha asubuhi, kina mama wakiwa wametoka tu kuanika. Hadi mchana dagaa wote walikuwa wamelainika, hawafai tena ila kwa chakula cha kuku. Sabina, binti wa Mzee Mayala, alisimama pembeni ya dagaa wake, akawa anawageuza kwa kidole cha mguu. Nilikuwa na nailoni yetu ya kufunikia kibanda imekunjwa ndani ya gunia, hatua chache tu kutoka pale, na haikuwa na msaada wowote. Iliniuma sana. Siwezi kurudi Mwanza nikiwa nimeshindwa kuifungua.

Huku ni mbari na kila kitu na siku hazina haraka. Leo asubuhi kisiwa cha magugumaji kimeingia ghubani na ndege mweupe amesimama juu yake, mtulivu, kama aliyenunua tiketi. Mchana nimetazama tena, kisiwa hakipo, kimeshapita nyuma ya mawe. Nikafikiri tuwaombe jopo watukubalie kiwanja kinachotembea.

Ukiota tena, niulize sura ya tatu inasemaje, sijaiandika.

Luhende


Kirumba
13 Machi 2025

Luhende,

Dk. Lwakatare amenisimamisha ukumbini. "Yule kijana wenu wa kisiwani yupo, au ameshageuka mvuvi?" Nikamwambia yupo, na kiwanja kitapatikana, na kwamba wewe ni mtu ambaye akisema atafanya, anafanya. Niliongea mno. Immaculata alikuwa nyuma yangu, na tulipofika nje akaniambia hata mawakili wa mahakamani hulipwa kwanza.

Wadudu wa ziwani wamepanda leo. Tumewaona kwa mbali wamesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua polepole, halafu wakaja mjini. Tukafunga madirisha yote. Saa nane mchana chumba kikawa na mwanga wa magharibi, na kwa muda sikujua ni siku gani, nikawa nimekaa tu nasikiliza mabawa kwenye kioo. Nilifikiria kibanda chako, jinsi mtu atakavyokuwa ndani na kila kitu kingine nje.

Mpe Sabina pole yangu. Usimchoshe Mzee Mayala kwa maneno ya mradi, mzungumzie mitumbwi yake.

Ukirudi kuna jambo nataka kukuuliza. Siyo la ripoti.

Noela


Kambini, Kome
18 Machi 2025

Noela,

Nina furaha hadi karamu inateleza mkononi.

Suala la mahari limekwisha. Mzee Mayala amekubali. Aliyemlainisha ni Sabina. Jana, kwa kuwa ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na hakuna mtumbwi uliotoka kuvua, wanaume wote walikuwa kambini, basi akampikia baba yake ugari wa muhogo na sato, akaketi chini karibu naye, akamwambia mbele ya watu, "Baba, kijana huyu ni wa kwetu. Mpe." Mzee akatafuna kwanza hadi akamaliza. Kisha akasema, "Haya, nimempa. Lakini mlango utazame ziwani, asubuhi nione mitumbwi." Nikauliza anataka nini kwangu. Akacheka, akasema hata ng'ombe mmoja hataki, nimwoneshe kwanza kama najua kujenga. Tukashikana mikono, kina mama wakapiga vigelegele.

Noela, natamani ungekuwepo. Leo nimeanza kuchimbia mirunda na Sabina ananishikia kamba. Kila anayepita anatupongeza.

Usimwambie Dk. Lwakatare kwanza. Nataka aone kwa macho yake siku ya tathmini, ashindwe kusema.

Na hilo jambo lako siyo la ripoti, niulize hata sasa. Barua inabeba chochote.

Luhende


Kirumba, Mwanza
22 Machi 2025

Ndugu Luhende,

Barua yako ya tarehe 18 imefika. Hongera kwako, kwa Sabina na kwa familia yote ya Mzee Mayala. Nimewafikishia wanakikundi.

Kuhusu mradi hujaandika neno. Sijaona kiwanja, sijaona sura ya tatu, na zimebaki wiki chache. Naelewa una mambo mengine ya kujenga. Kwa hiyo nimemwandikia Dk. Lwakatare kwamba kikundi chetu hakijapata kiwanja, na kwamba tunaomba jopo litupokee kwa michoro peke yake, litufanye litakavyo.

Jambo nililotaka kukuuliza halipo tena.

Wako katika mradi,
Noela Rwehumbiza


Kirumba
22 Machi, jioni
(Hii haikupanda boti.)

Luhende,

Nimeandika ile nyingine kwa mkono ulionyooka kabisa. Immaculata ameisoma akasema inafaa kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Nilitaka kukuuliza kama unajua kwamba mwaka mzima nilikuwa nageuka nyuma kuazima rula na kwenye begi ninayo. Hilo tu. Ungejibu ndiyo au hapana, nami ningejua la kufanya na mikono yangu.

Nimeshindwa kukuchukia. Nimejaribu tangu asubuhi. Nakuona unachimbia mirunda, yeye ameshika kamba, na mlango unatazama ziwani, na naona ni nyumba nzuri. Hata mimi ningeutazamisha huko. Inauma sana, Luhende, na sina mtu wa kumwambia ila wewe.

N.


Kambini, Kome
28 Machi 2025

Noela,

Mbona umeniita Ndugu? Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta nilipokosea. Unasema hakuna kiwanja. Nilikuandikia kwamba jambo limekwisha, na wewe mwenyewe umenipa hongera juu ya karatasi hiyohiyo. Au kuna fomu ambayo sijaijaza? Sabina anasema pengine una homa.

Basi nikueleze upya. Kibanda kimesimama. Mahari penyewe ni pale kwenye mchanga kati ya yale mawe makubwa, hatua chache kutoka maji yanapoishia, panapigwa na jua tangu linapochomoza. Mlango unatazama ziwa, Mzee Mayala anakaa ndani yake na kiti chake tangu asubuhi, tunampitia pembeni tukiwa na beseni. Wiki hii giza limerudi, mitumbwi inatoka, dagaa ni wengi. Jumanne mvua imepiga saa za kuanika. Kina mama wakakimbia, kisha wakasimama, kwa sababu walikumbuka hawana haja ya kukimbia. Dagaa walikuwa ndani.

Ukiingia, mwanga wa humo ni mweupe kama maziwa. Mvua inatembea juu ya nailoni na wewe ni mkavu, na ziwa unaliona kama kitu ulichoambiwa na mtu. Nililala humo mchana kati ya vichanja, nikaota uko upande wa pili wa nailoni, nakuona umbo tu, unasoma kitu. Nikakuita na sauti haikupita. Nilipoamka nilikuwa na magamba ya dagaa shavuni.

Nakutumia mfuko mmoja. Onja. Wakikatika kwa meno na sauti, wamekauka.

Na uniambie nilichokosa. Huku ni mbari, siwezi kuusoma uso wako.

Luhende


Mwaloni, Kirumba
1 Aprili 2025

Luhende,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia, sijaweza kufika nyumbani. Wachuuzi wameniuliza mara mbili kama nimefiwa au nimefurahi.

Umeandika "penyewe". Nimeisoma sentensi hiyo nikataka kuisahihisha, kwa mazoea tu, kwamba mahari siyo penyewe, mahari ni yenyewe. Kisha mkono ukasimama. Hakuna mahari duniani inayopigwa na jua tangu linapochomoza. Mahali ndipo panapopigwa na jua. Luhende, ile barua ya tarehe 18 ulimaanisha mahali. Uliweka r yako ya fimbo, na kwa bahati mbaya likatoka neno zima, lisilo na kosa lolote, nami nikalisoma kama lilivyo. Nilisoma kwamba umeposa. Nilisoma kwamba Mzee Mayala amekupa binti yake, hataki hata ng'ombe, unamjengea nyumba inayotazama ziwa, na anakushikia kamba. Ikumbuke mwenyewe kwa macho yangu, utaona. Nilikupa hongera ya ndoa.

Mimi ninayewasahihisha wote. Nimekaa na hilo neno siku zote hizi na kalamu ikiwa sikioni.

Sasa ubaya wake. Dk. Lwakatare alishaipokea barua yangu, na jina letu ameliweka upande wa vikundi visivyo na kiwanja. Kabla ya kurudi hapa kwenye gunia nilienda mchana ofisini kwake, nikamwambia shikamoo, nikamwambia kiwanja kipo. Akasema wiki iliyopita hakikuwepo. Akasema hawezi kwenda kwa jopo na kikundi ambacho kiwanja chake kinakuja na kuondoka. Sikuweza kumweleza ni kwa sababu ya herufi moja. Mwisho ameniambia hivi: mwenye mchanga aseme mwenyewe, mbele ya jopo, siku hiyohiyo ya tarehe 11. Asipokuja, tunarudia mwaka. Nimeharibu mimi, na sijui kama muda wa kurekebisha bado upo.

Mwombe Mzee Mayala. Mwambie atalala kwa Immaculata, kuna kitanda kizuri. Leta picha, leta dagaa, na uje wewe.

Dagaa wako nimewaonja hapahapa. Wanakatika na sauti.

Noela


Kambini, Kome
6 Aprili 2025

Noela,

Barua yako nimeisomea ndani ya kibanda. Nilipofika kwenye nyumba inayotazama ziwa nilicheka hadi Sabina akaja kuuliza. Nikamweleza. Akaketi mchangani kabisa. Ana mjukuu darasa la nne, huyo ndiye anayeniletea chai. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Na huyo wa mjini, ilimuuma?" Nikasema sijui. Akaniambia mimi ni mjinga, akarudi kwenye dagaa wake.

Mzee Mayala hajakanyaga Mwanza kwa miaka mingi. Anasema mji unamfanya asijue jua liko wapi. Nimemwomba, ametazama ziwa. Sijamwelewa kama ni ndiyo. Jana upepo umechana nailoni upande wa kusini, tumeishona kwa uzi wa nyavu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika pembe bila kuambiwa. Naomba hilo liwe ndiyo.

Usijilaumu peke yako, r ni yangu. Lakini kuna kitu kimoja hukukisahihisha. Umenieleza ulivyosoma, hukunieleza kwa nini hukushuku. Mimi nimekuandikia karamu ukacheka. Nimekuandikia ugari na mbari, ukazipita kwa sababu unajua ninavyoandika. Hilo neno moja tu ndilo uliloliamini mara moja. Barua hiyo angeiandika mtu mwingine, ungeligundua kabla hujafika nukta.

Lile jambo ulilosema halipo tena, nadhani lipo. Nitakuja Alhamisi na boti ya Nestory.

Luhende


Mwaloni, Kirumba
12 Aprili 2025

Noela,

Nangoja boti. Barua hii naiingiza kwenye mfuko wa dagaa aliouandaa Sabina kwa ajili ya mama yako, Immaculata amekubali kukufikishia kabla meli yako ya Bukoba haijaondoka kesho. Jana umenikimbia. Jopo lilipotuachia tu ukasema unawahi kukata tiketi, na ofisi ya tiketi ilishafungwa.

Basi nirudie mwenyewe, maana nataka nihakikishe ilitokea kweli. Picha zilipita. Yule mama wa jopo mwenye miwani alichukua dagaa mmoja, akamtafuna, chumba kizima kikasikia. Kisha Dk. Lwakatare akasema haya, mwenye kiwanja yuko wapi, na Mzee Mayala akasimama na kofia mkononi. Akasema, "Mchanga nimempa huyu kijana. Uandikeni. Lakini binti sikumpa. Nimesikia kuna mtu huku mjini aliyefikiri nimempa na binti, akaumia bure. Huyo mtu naye mwandikeni, asiumie tena." Jopo zima likaanza kumtafuta huyo mtu kwa macho, na wewe ukainamia ripoti. Sikio lako lilikuwa jekundu kuliko karamu yako.

Tumepita. Nusu ya pili ya mradi ni yetu. Jopo limetuandikia tuongeze kibanda kingine kabla ya Septemba. Mzee Mayala ameshauliza mara tatu jua liko wapi, namrudisha kwake.

Mimi nilikuwa najua kuhusu rula. Begi lako lilikuwa wazi mara nyingi. Nilikuwa nakuazima hivyohivyo, na kila siku nilihakikisha nimekuja na yangu, hata siku ambazo hatukuwa na kazi ya kuchora.

Sijui kusema mambo haya kwa mdomo, unanijua, ningesema samahani tu. Pasaka hii naomba nije kwenu Kamachumu na baba mkubwa. Ni mbari, lakini meli ipo. Tunataka kuja kuulizia mahari.

Luhende


Kamachumu
14 Aprili 2025

Luhende,

Barua yako nimeisomea melini, sitahani, alfajiri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji na sikuona mahali ziwa linapoishia na anga linapoanza, meli ikawa kama imesimama tu ndani ya kibanda chako. Nimeisoma hadi Bukoba ikatokea, nikakaribia kusahau kushuka. Mama amewapokea dagaa wa Sabina kwa mikono miwili na amewagawia majirani kabla sijavua viatu.

Barua ninakurudishia, imesahihishwa. Karamu ni kalamu, nimechoka kukuambia. Mbari ni mbali. Mbari ni ukoo, ingawa huku ndiko uliko ukoo wangu wote, kwa hiyo hapo nimekupa nusu ya alama. Kuhusu rula sina cha kusahihisha. Ningejua ningeazima na kifutio.

Ndani ya bahasha utakuta barua nyingine, ya Machi, ambayo haikupanda boti. Ulisema barua inabeba chochote. Ile ndiyo sikuiamini kubeba. Isome ukiwa ndani, mvua ikinyesha.

Limebaki neno la mstari wa mwisho. Umeandika "kuulizia mahari", ukaweka nukta. Hukuweka penyewe wala yenyewe baada yake, kwa hiyo sarufi haiwezi kunisaidia. Pengine ni mahali, unatafuta pa kuweka kile kibanda cha pili, na hapa uani tunapoanika buni panafaa kabisa, pana jua la kutosha. Pengine sivyo. Nimelitazama kutwa nzima na kalamu nyekundu mkononi. Mama ameniita nikamenye ndizi, nimemenya, nimerudi, nikalikuta palepale.

Nimeliacha kama ulivyoliandika.

Baba ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo mwache baba mkubwa azungumze, wewe itikia tu. Nimemwambia baba kuna wageni. Ameuliza wanakuja kwa shughuli gani, nikamwambia watasema wenyewe. Atakuwepo nyumbani Pasaka na Jumatatu yake.

Noela